KILTI KAZINI: VAZI LA MTU NA HESHIMA YA KAZI YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nataka kusema juu ya neno ambalo sisi makarani hulijadili mara nyingi, nalo ni hili: je, mtu aweza kwenda kazini na vazi la kwao, na bado akahesabiwa kuwa mtumishi mwenye adabu? Ili tulitazame bila hasira wala upendeleo, sitaanza na mavazi yetu. Nitaanza na kilti ya Waskoti, kwa kuwa ni rahisi kuona sawasawa mambo ya mwenzako kuliko yako mwenyewe.

Kilti ni nguo ya sufu yenye mirabamiraba, nayo huzungushwa kiunoni ikafika katikati ya goti. Iliyo kamili huchukua kitambaa cha kadiri ya yadi 8. Nyuma ina marinda mengi. Mbele ni bapa, upande mmoja ukilala juu ya mwingine. Haina mifuko, kwa hiyo mvaaji hufunga mkoba wa ngozi mbele yake, uitwao sporani. Adhaniye kuwa hili ni vazi la mtu mvivu, na ajaribu kuyapiga pasi marinda hayo kabla ya saa mbili asubuhi.

Vazi hili lilipata kukatazwa kwa sheria. Tarehe 16 Aprili 1746, huko Culloden, jeshi la Mfalme George wa Pili liliwashinda watu waliotaka kuurudisha ufalme wa ukoo wa Stuart, na wengi wao walikuwa wenyeji wa milima ya Uskoti. Mwaka ule ule Bunge likatunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747: mwanamume wa Uskoti akivaa kilti afungwe miezi 6; akirudia, apelekwe ng'ambo miaka 7. Lakini angalieni jambo moja: askari wa jeshi la Mfalme hawakukatazwa.

Basi vazi lile lile, kwa mtu aliyekuwa shambani kwake lilikuwa kosa, na kwa mtu aliyekuwa katika utumishi wa Mfalme lilikuwa sare ya kazi. Sufu ilikuwa ile ile, na marinda yale yale. Neno hili latuhusu sana sisi watumishi. Mara nyingi asemaye kuwa vazi fulani halina adabu hakulitazama vazi. Amemtazama mvaaji, akauliza huyu ni mtu wa nani.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, akavaa kilti katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Sir Walter Scott, na mabwana wakubwa wakaitamani. Lakini katika zama hizo hizo wenyeji wengi wa milimani walikuwa wakiondolewa katika mashamba yao, na nyumba nyingine kuchomwa moto, ili wenye ardhi wapate mahali pa kufugia kondoo. Vazi lilikaribishwa kwa Mfalme, na wenye vazi wakafukuzwa makwao. Tusidanganyike basi: vazi la watu laweza kusifiwa, na watu wenyewe wasipate haki.

Na leo je? Waskoti walio wengi huenda ofisini na suruali, na kilti huonekana zaidi arusini na katika sherehe. Hata hivyo wako waivaao kazini: wapiga zumari, askari katika gwaride, waongozaji wa wageni, na baadhi ya wajumbe wa Bunge la Uskoti lililoanza mwaka 1999, hasa siku ya kula kiapo. Mwajiri wa Uingereza aweza kuweka kanuni za mavazi, lakini Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 yamkataza kumbagua mtu kwa ajili ya asili au taifa lake.

Tena avaaye kilti kazini hufuata desturi zake. Koti lake ni la mchana, la kitambaa kizito. Ana tai, soksi ndefu, na mkoba wa ngozi usio na mapambo. Mapambo ya fedha ni ya karamu za usiku. Kisu kidogo kichomekwacho katika soksi, ijapokuwa sheria ya Uskoti yakiruhusu pamoja na vazi la taifa, chafaa kibaki nyumbani. Naye aketipo huyalaza marinda kwa mkono ili yasikunjamane.

Sasa turudi kwetu. Kadhi huketi mahakamani na kanzu na joho, wala hapana asemaye kuwa hukumu yake imepungua uzito. Lakini mwaka 1967 Tanzania ilianza kuwashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali, na Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa yetu wenyewe. Kwa hiyo si wageni peke yao wawezao kulidhania vazi la mtu kuwa dalili ya ujinga.

Shauri langu ni hili. Karani atakaye kuvaa vazi la kwao na asome kwanza kanuni za idara yake. Kama hazisemi wazi, aombe ruhusa kwa maandishi. Akiipata, alivae vazi kamili na safi, si nusu la kwao na nusu la karamu. Wakuu wa idara nao wapime mambo matatu tu: usafi, usalama na adabu, kabila la vazi wasilipime. Na Chama chetu kisiridhike kwa kupewa siku moja katika mwaka ya kujipamba na kupigwa picha. Kiombe kanuni iliyoandikwa, ya haki kwa wote, kwa maana sifa za siku moja hazimlindi mtu siku ya pili.

Wahenga walisema, uungwana ni vitendo. Barua iliyokawia kujibiwa imekawia tu, hata kama karani wake amevaa tai. Na hesabu iliyo sawa ni sawa, hata kama aliyeiandika amevaa msuli.