Keria ya Pikipiki ya Ushirika: Maneno ya Katibu wa Tawi kwa Wanachama Wenye Pikipiki

 

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya matunzo ya pikipiki na haya mambo ya kuongeza vyuma, halafu maneno yabandikwe hapa ukutani kwa faida ya waliokuwa shamba. Mimi si fundi. Ila daftari la pikipiki ya ushirika naliandika mimi, na daftari lile limenifundisha mengi.

Naanza na kosa langu. Msimu uliopita vijana walikuja wakasema keria ni fupi, haichukui magunia matatu ya kahawa ya maganda, iongezwe kwa kuchomelea. Nikaweka sahihi kwenye hati ya malipo. Keria ikatokeza nyuma ya gurudumu karibu futi 2, na kusema kweli ilipendeza. Sasa tupige hesabu ya darasa la jioni. Gunia kilo 50 mara 3 ni kilo 150. Dereva kilo 65. Jumla 215. Kitabu cha mashine ile kinasema mzigo usizidi kilo 150, dereva akiwa ndani ya hesabu. Kitabu ni cha Kiingereza, sawa, lakini namba hazina Kiingereza, hata sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaziona. Kilikuwa kabatini kwangu. Sikukifungua.

Yaliyotokea mnayajua. Kwenye kilima cha kutoka mtoni gurudumu la mbele lilinyanyuka, usukani ukawa hauna kazi, pikipiki ikamlalia dereva na mguu ukavunjika. Kahawa ikamwagika kwenye matope. Msimu wote mkewe alichuma peke yake, mtoto mgongoni.

Wengine mnasema dereva alikimbiza. Jamani, kilima kile nani anakimbiza? Angalieni mtu aliyebeba jembe begani. Akilisogeza chuma nyuma zaidi, mkono wa mbele unapata taabu kulikandamiza. Ekseli ya nyuma ndiyo bega, na gurudumu la mbele ndio ule mkono. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unalipunguzia gurudumu la mbele uzito, na mkipanda mlima ndio kabisa. Kwa hiyo hata magunia mawili yakikaa mwisho wa keria ndefu ni hatari. Na mishikaki ni hivyo hivyo, abiria wa tatu anakaa palepale mwisho.

Sisemi mtu asibadili kitu. Pikipiki ni kama kiatu, kila mmoja ana mguu wake. Kuna kijana hapa kwetu ametoa sproketi ya nyuma ya meno 42 akaweka ya meno 45. Nimemsifu. Nguvu ya kuvuta imeongezeka kama sehemu 7 katika 100, na mwendo wa mwisho umepungua karibu kiasi hicho, lakini huku kwetu mwendo wa nini? Alibadili sproketi zote mbili na cheni pamoja, ndivyo inavyotakiwa, maana cheni kuukuu inakula meno mapya. Na akitaka kurudi ya zamani anafungua boliti tu. Hicho ndicho kipimo changu: kitu kinachofungwa kwa boliti unaweza kukijutia, cha kuchomelea kwenye fremu kinabaki na wewe. Bampa za kukinga miguu, mpira wa kuzuia matope, kiti cha kushonwa upya, fanyeni.

Lakini ekzosi! Mtu anatoboa ekzosi ili ilie kama ndege ya vita, anadhani ameongeza nguvu. Ameongeza kelele. Zaidi ya hapo mchanganyiko wa petroli na hewa unaharibika, injini inachemka kupita kiasi. Mwingine ametupa filta ya hewa eti pikipiki ipumue. Vumbi letu hili jekundu linaingia linasaga pistoni na silinda kama jiwe la kusagia. Baada ya miezi michache moshi wa bluu, halafu anakuja kukopa ushirika.

Mwaka 1976 Wajapani walitoa Honda CG125. Walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki inapakizwa mno na matunzo ni haba, basi injini wakaiweka ya fimbo za kusukuma valvu, haina cheni ndani, na cheni ya gurudumu wakaifunika yote. Mtu ametufikiria hivyo, sisi tunalivua lile boksi la cheni ili pikipiki ionekane ya kijana. Haya.

Matunzo yenyewe ni machache. Oili imwagwe kwa kilometa zilizo kitabuni, isingojewe iwe lami. Msitie oili yoyote ya gari mnayoikuta, maana kwenye pikipiki zetu klachi inaogelea katika oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingine zinaitelezesha. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ipakwe oili, isilegee wala isikazwe ikawa kama waya wa nguo. Spoki zigongwe kwa spana: iliyolegea inalia tofauti.

Sasa jambo lililotuleta. Kuna pendekezo kwamba gharama ya matengenezo ikatwe kwenye malipo ya kahawa ya dereva. Mimi napinga, na naomba Katibu wa Bodi aandike kwamba nimepinga. Dereva alipewa keria ile na magunia yale na ushirika, na sahihi ni yangu. Kama lazima mtu akatwe, waanze na kilo zangu. Kura itapigwa Jumapili.

Keria inakatwa Jumamosi saa 3 asubuhi, hapa ghalani. Fundi wa kuchomelea atakuja. Betri itolewe kwanza kabla hajawasha mashine yake. Mwenye keria ndefu nyumbani alete na yake, kukata ni bure. Mafuta ya taa yapo, mswaki kila mtu aje na wake.