Mkono wa Fundi na Cheti Chake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Jomvu Kuu)



Vijana wetu wengi hapa Jomvu Kuu hujifunza kunyoosha bodi za magari katika gereji za kando ya barabara. Mpwa wangu ni mmoja wao. Miaka minne amegonga bati, amepaka puti, amepiga msasa, amepuliza rangi. Anajua kuwa bati la siku hizi ni jembamba, moto ukizidi hukunjamana. Lakini alipoomba kazi katika gereji kubwa aliulizwa cheti. Hakuwa nacho, akaandikwa kibarua.

Ndugu zangu, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959. Leo mamlaka iitwayo NITA hutahini mafundi kwa madaraja matatu: la tatu, la pili na la kwanza. Hata aliyejifunzia gerejini aweza kutahiniwa.

Basi wazazi, mkimpeleka mtoto kwa fundi, patanani tangu mwanzo: atafundishwa nini, kwa muda gani, na lini atakwenda mtihani. Sisi wa reli twajua vema kuwa daraja ndilo hupanga mshahara.

Mpwa wangu sasa anajitayarisha kwa daraja la tatu. Ada nitatoa mimi.