Nyumba ya Chama Inapokosa Watu

Ninyi mlioko darasani, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya dunia, na mmoja wenu aoneshe nchi ya Kanada. Iko juu, upande wa kushoto, kaskazini ya Marekani. Upande wa magharibi wa nchi hiyo pana nyanda kubwa za majani, nazo hufunikwa na theluji miezi mingi ya mwaka. Leo tutazungumza habari za vyama vya watu wa huko ambao asili yao ni Ukraine, nchi ya Ulaya ya Mashariki. Nimewachagua hao kwa sababu vyama vyao vingi vilianza na kazi hii hii mnayoifanya ninyi jioni ya leo, yaani kusoma.

Mwaka 1891 wanaume wawili, Ivan Pylypiv na Vasyl Yeleniak, walitoka katika kijiji cha Nebyliv wakaenda Kanada kuangalia ardhi. Kijiji chao wakati huo kilikuwa chini ya mfalme wa Austria. Mashamba ya kwao yalikuwa yamegawanywa, baba kwa mwana, mpaka yakawa vipande visivyotosha kulisha nyumba. Kumbe huko Kanada serikali ilikuwa ikitoa ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi mtu akae hapo na kulima. Habari hiyo ilipofika vijijini, watu walifunga mizigo. Kufikia mwaka 1914 walikuwa wamehamia watu wapatao 170,000.

Lakini fikirini ukubwa wa shamba hilo. Ekari 160 ni nusu maili kila upande. Jirani yuko mbali, theluji imefunga njia, na hujui lugha ya dukani wala ya karani wa serikali. Basi watu hao wakachanga mbao na nguvu zao, wakajenga nyumba waliyoiita Nyumba ya Watu. Ndani mlikuwa na jukwaa, mabenchi, jiko, na kabati la vitabu. Mfano wake waliutoa kwao. Katika mji wa Lviv, mwaka 1868, kiliundwa chama kiitwacho Prosvita, maana yake kuelimisha watu, nacho kilifungua vyumba vya kusomea vijijini. Mtu ajuaye kusoma alishika gazeti akasoma kwa sauti, na wasiojua wakasikiliza na kuuliza maswali. Ndivyo walivyokuwa wakipata habari za dunia.

Shida nazo ziliwakusanya. Ilipoanza vita ya 1914, serikali ya Kanada iliwahesabu kuwa ni raia wa adui, kwa kuwa walitoka katika milki ya Austria. Watu wapatao 80,000, wengi wao Waukraine, waliamriwa kujiandikisha, na zaidi ya 8,500 wa mataifa mbalimbali walifungwa kambini. Mwaka 1916 jimbo la Manitoba lilifuta mafundisho ya lugha mbili shuleni. Tangu hapo mzazi aliyetaka mwanawe ajue lugha ya bibi yake ilimpasa kutegemea nyumbani, kanisani na kwenye chama. Mwaka 1925 alifika mwalimu wa ngoma, Vasile Avramenko, akafungua madarasa ya kucheza, na vijana wakaja. Mwaka uliofuata akina mama waliunda chama chao katika mji wa Saskatoon.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Kwa nini nyumba nyingi za namna hiyo zilikuja kufungwa? Barabara zilitengenezwa, magari yakapatikana, vijana wakahamia mijini. Watoto walijua Kiingereza. Hawakuhitaji tena mtu wa kuwasomea gazeti. Hayo ni kweli. Lakini mimi naona iko sababu nyingine, na hiyo si ya barabara. Kazi ya chama ilikwisha, na viongozi hawakutafuta kazi nyingine. Walibaki na mkutano mkuu wa mwaka, kumbukumbu za mkutano uliopita, na sikukuu. Kijana haji kusikiliza kumbukumbu zikisomwa. (Hata mimi hunichosha.) Katika mji wa Vegreville walisimamisha mwaka 1975 yai kubwa sana la chuma chepesi, limepambwa kama mayai yao ya Pasaka, nalo huzunguka kwa upepo. Ni zuri, na wageni huja kulitazama. Lakini yai halitawafundisha watoto lugha.

Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine nchi nzima, Kanada ilitoa kibali cha haraka kwa waliokimbia vita. Katika miaka miwili walifika karibu watu 300,000. Ghafla vyama vikawa na kazi tena: kutafuta vyumba na magodoro, kujaza fomu, kumwonesha mama mgeni shule ya mtoto wake. Milango iliyokuwa ikifunguliwa mara chache ikawa haifungwi.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Mwenyeji wa Edmonton ambaye babu wa babu yake alikuja kulima anasema Kiukraine cha kale, chenye Kiingereza ndani yake. Mgeni kutoka Kharkiv au Kyiv ni mtu wa mjini, pengine fundi wa kompyuta, na ngoma za kijijini kwake ni mambo ya zamani. Kila mmoja aweza kumwona mwenzake si Mukraine kamili. Mambo kama hayo yalitokea pia baada ya vita ya 1945, wakimbizi wa wakati ule walipokuta vyama vina wenyewe.

Mahali pa kuwapatanisha ni jikoni kuliko jukwaani. Vyama vingi hupata fedha kwa kuuza pyrohy, chakula cha unga uliokunjwa na kutiwa viazi ndani, mfano wa sambusa, ila huchemshwa. Mama mzee na mama mgeni wakikunja pamoja mamia kwa mamia, watazungumza. Lakini haitoshi mgeni kukunja unga tu. Apewe naye ufunguo wa nyumba. Achaguliwe kushika daftari la fedha, ajue umeme umelipwa kiasi gani na paa linavuja wapi. Chama kinachomwita mgeni kila Jumamosi kuosha sahani, na siku ya uchaguzi kikamsahau, kitamkosa Jumamosi ya tatu.

Basi, zimeni redio sasa, mkae vikundi vya watu watano. Kila kikundi kitaje chama kimoja cha hapo kwenu, na kijibu: ni nani anayeshika ufunguo, tangu mwaka gani, na ni nani hajaulizwa? Mmoja aandike majibu ubaoni, na mwalimu asimsaidie tahajia mpaka amalize. Kwaherini.