Vipuri vya Magari ya Zamani: Bei Rahisi Isitupumbaze

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Makatibu na Wajumbe wa Vyama Wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya vipuri vya magari ya zamani. Baadhi ya vyama bado vinatumia Land Rover Series III, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985. Vipuri vingi tunavyovinunua leo kwa gari hilo si vya mtengenezaji wa awali, bali vimeigwa. Sivilaumu vyote, kwani vingine ni imara. Lakini mwigaji akipima umbo peke yake, asijali mali iliyotumika, hutoa kitu kinachofanana na cha asili dukani, kisichofanana nacho kazini.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa msimamizi wa usafiri katika chama cha wafugaji, fundi aliagiza rota ya distributa. Nilikusanya bei za maduka matatu, nikachagua ya chini kabisa, nikajisifu mbele ya Kamati. Siku ya tatu gari lilizimika mlimani likiwa na madumu 8 ya maziwa. Lilipopoa liliwaka, lilipopata joto likazimika tena. Tulipofika, maziwa yalikuwa yameganda. Wanachama walikosa malipo ya jasho lao, na saini iliyoidhinisha rota ile ilikuwa yangu.

Fundi alinieleza sababu. Rota hupitisha umeme wa maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Shaba yake hushikiliwa na ribiti juu ya plastiki, na chini ya plastiki ipo shafti ya chuma. Ribiti ikiwa ndefu mno, au plastiki ikiwa duni, umeme hupenya na kupotelea kwenye shafti, hasa injini ikipata moto. Kwa macho huioni kasoro hiyo. Fundi alirudisha rota kuukuu, ambayo kwa bahati hakuwa ameitupa, na gari likaenda.

Ndugu zangu, rota mbovu hutuacha njiani, lakini mpira mbovu wa breki huua. Mpira usiohimili mafuta ya breki huvimba au hulainika, na dereva hukanyaga breki isiyoshika. Hata mpira mzuri huharibika iwapo mafuta ya injini yatatiwa mahali pa mafuta ya breki.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, Kamati isichague kipuri kwa bei tu. Fundi aulizwe na jibu lake liandikwe. Pili, kila kipuri kiingizwe daftarini: tarehe, duka, na kilometa kilizodumu. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatushauri kuliko muuzaji yeyote. Tatu, kipuri kuukuu kilicho kizima kisitupwe. Kitunzwe garini kama akiba. Nne, vipuri vya breki na usukani visinunuliwe mahali ambapo muuzaji hakubali kutoa stakabadhi.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Tukumbuke kwamba ughali huo haulipwi na katibu aliyetia saini. Hulipwa na mfugaji aliyeamka alfajiri kukamua, na dereva anayeteremka mlima akiiamini breki tuliyomnunulia.