Msaada Hauulizi Kabila

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na watoto wao hapa Akalla, wakati wa matayarisho ya sikukuu ya Uhuru wa Kongo, 30 Juni 2025



Kamati imeniomba niseme juu ya misaada kwa jamaa waliokimbia vita huko kwetu Mashariki. Nitasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo bibi zenu wanawasubiria kwenye simu. Mtoto asiyeelewa neno amwulize mkubwa aliye karibu naye, na mkubwa huyo asichoke kujibu.

Mwaka huu nchi yetu inatimiza miaka 65 tangu 30 Juni 1960. Kila mwaka siku hii tunavaa vitenge, tunapika sombe na fufu, tunacheza mpaka metro ya mwisho. Mwaka huu wapo waliouliza kama inafaa kusherehekea. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Kamati imeamua kwamba tutakula pamoja, lakini kapu la mchango litapita kabla ya sahani. Hilo limekubaliwa. Lililobaki, na ndilo lililoleta maneno makali katika mikutano yetu, ni swali hili: kapu hilo liende kwa nani?

Kabla ya kujibu, tujue kwanza ni nani anayehitaji.

Kuna watu wa aina mbili ambao sisi sote huwaita wakimbizi. Wa kwanza ni aliyevuka mpaka. Mwezi wa Februari watu wetu waliivuka Rusizi kuingia Burundi, wengine wakipita majini na mtoto mgongoni. Walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, na wengi baadaye walipelekwa mbali zaidi, mpaka Musenyi. Waliovuka kwenda Burundi tangu mwanzo wa mwaka wamepita 70,000. Hawa wanalindwa na sheria za kimataifa za wakimbizi, na HCR inawaandikisha.

Wa pili ni aliyekimbia lakini akabaki ndani ya nchi yake. Huyo ni mkimbizi wa ndani. Afrika iliandika mkataba kwa ajili yake, Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, lakini mwenye wajibu wa kumlinda ni serikali yake mwenyewe, na mara nyingi serikali hiyo haifiki mahali alipo. Mwisho wa mwaka 2024 Kongo ilikuwa na wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 7. Watoto, wakazi wote wa Uswidi ni kama milioni 10 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe.

Tukiwawaza watu hao tunaona kambi: shitingi nyeupe juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, foleni ya bidoni, mama na jetoni mkononi akingojea unga wa PAM. Kambi hizo zilikuwepo: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Lakini Februari mwaka huu wenye silaha waliwaambia watu waondoke, na kambi zikavunjwa. Wengi walirudi Sake, Masisi na Rutshuru, wakakuta nyumba hazina mabati na mashamba yamekuwa pori. Walifika bila jembe wala mbegu.

Tena, hata wakati kambi zilipokuwa zimejaa, walio wengi katika wakimbizi wa ndani wa Kongo hawakuishi kambini. Waliishi nyumbani kwa watu. Mlango uligongwa usiku, mwenye nyumba akafungua, na familia ya watu saba ikawa ya watu kumi na tano. Mwenye nyumba huyo hana nembo kwenye fulana wala gari lenye antena. Alitoa chumba, akagawa makala yake, akapunguza chakula cha watoto wake mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huko kwetu mgeni amekuja, na mwenyeji naye sasa anaumwa njaa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili. Ukimtumia ndugu yako aliyekimbia, mkumbuke na aliyemfungulia mlango. Ukituma kroni 500, mwambie ndugu yako sehemu fulani ni ya mwenye nyumba, kwa jina lake. Mgeni anayechangia mboga hukaa bila kuinamisha uso. Mgeni asiyechangia, hata akipendwa vipi, ipo siku atasikia neno.

Ombi la pili ni juu ya nguo. Najua vyumba vyetu vya kuhifadhia vimejaa mifuko ya koti na viatu, na nia ni njema. Lakini fikirini safari ya mfuko huo: meli mpaka Mombasa, lori kuvuka Kenya na Uganda, ushuru kila mpaka, vizuizi barabarani, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari. Gharama ya kusafirisha koti moja la baridi ingenunua maharage ya wiki. Fedha ikifika, mama ananunua anachokosa yeye, siyo tulichochoka nacho sisi. Ananunua sambaza kwa mvuvi wa ziwani na unga kwa muuzaji wa soko la Virunga, na hao nao wanakula. Mifuko yetu tuipeleke kwa wahitaji wa hapa Stockholm, nao wapo.

Fedha nayo ina matatizo yake. Benki za Goma zilifungwa vita vilipoingia, na watu wamebaki na simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Wakala akikosa noti anakata kamisheni kubwa, na wapo waliolazimika kuvuka mpaka mpaka Gisenyi ili kutoa fedha yao wenyewe. Basi kabla ya kutuma muulize ndugu: wakala wa karibu ana noti? Anakata kiasi gani? Kidogo kidogo ni bora, au mara moja? Yeye ndiye anayejua. Na tusimlaumu akisema kimefika pungufu.

Sasa nirudi kwenye kapu letu, na nitasema wazi, kwa kuwa kusema kwa mafumbo kumetuchosha.

Wapo waliosema mchango uende kwa watu wa kwetu kwanza. Nikauliza, wa kwetu ni nani? Mmoja akataja Wahunde, mwingine Wanande, mwingine Washi, mwingine Wabembe, mwingine Wanyamulenge. Wengine walinong'ona kwamba kabila fulani lisipate hata senti, kwa sababu ya wenye bunduki wanaosema wanapigana kwa jina lake. Ndugu zangu, mama aliyelala chini na mtoto mwenye kipindupindu hakumtuma mtu yeyote kushika bunduki. Mtoto wa siku tatu hana upande.

Mashirika yanayojua kazi hii yana kanuni ambayo mtu yeyote mwenye akili ya nyumbani angeifikia mwenyewe: pima haja, usipime jina. Orodha ya ugawaji huanza na mjane, mjamzito, mlemavu, mzee, na mtoto asiye na mzazi. Hata akili ya kujilinda inasema hivyo. Katika mtaa mmoja wa Goma makabila kumi yanachota maji bomba moja. Ukimpa mmoja na kumruka jirani yake kwa sababu ya jina, umempa unga pamoja na adui. Na huenda aliyemficha mama yako chini ya kitanda chake Januari ile ni mtu wa kabila ambalo wewe hapa Akalla unakataa kulitaja.

Pendekezo langu ni hili. Kila mtu aendelee kuwatumia ndugu zake kutoka mfukoni mwake. Hiyo ni haki yake na wajibu wake, na chama hakiingilii. Lakini kapu lenye jina la Kongo liende kwa Mkongo yeyote mwenye haja. Tulipeleke kwa shirika lenye akaunti inayoanza na 90, zile zinazokaguliwa na Svensk Insamlingskontroll, ambapo angalau asilimia 75 ya fedha ni lazima ifikie lengo lake. Msalaba Mwekundu wa Uswidi na Madaktari Wasio na Mipaka wanazo akaunti hizo. Mweka hazina asome risiti mbele yetu sote. Tusimtumie mtu mmoja fedha ya watu mia kisha tuanze kumtilia shaka. Urafiki mwingi umekufa hivyo, hata katika likelemba ndogo.

Mtu atasema: kapu letu ni tone baharini. Ni kweli, na mwaka huu bahari imekauka zaidi. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura kwa Kongo. Januari 2025 serikali yake mpya ilisimamisha misaada, na dawa, chakula na maji vikapungua wakati uleule vita vilipoingia mijini. Hatuwezi kuziba pengo hilo. Lakini kiwango cha chini kinachokubaliwa katika misaada ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na hapa kila mmoja wetu hutumia kama lita 140. Tukijua hivyo hatutasema hatuna cha kutoa. Kutoa ni moyo.

Sasa ninyi watoto. Mmewahi kujiuliza kwa nini njia ya hapa katikati inaitwa Sibeliusgången, na nyingine Sveaborgsgatan? Majina ya mitaa ya Akalla yametoka Ufini. Miaka ya vita, kati ya 1939 na 1944, Ufini ilivamiwa, na watu zaidi ya 400,000 wakapoteza makwao huko Karelia. Watoto kama 70,000 walisafirishwa, wengi wao kuja Uswidi, wakiwa na kibandiko cha jina shingoni. Familia zisizowajua ziliwapokea, zikawapa kitanda na uji. Wengine walirudi kwao, wengine walibaki hapa maisha yao yote. Basi shuleni mtu akisema kwamba wakimbizi ni jambo la Afrika, mwambieni asome vibao vya mitaa ya Akalla.

Na mjue pia kwamba nchi hizi mbili zenu zinajuana tangu zamani. Wamisionari wa Uswidi walijenga hospitali ya Lemera, ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi hadi iliposhambuliwa mwaka 1996. Baadaye alianzisha Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mswidi Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa katika safari ya kutafuta amani ya Kongo. Kaburi lake liko Uppsala, si mbali na hapa. Waombeni wazazi wawapeleke.

Kwenu nina kazi moja isiyohitaji fedha. Bibi akipiga simu, msikimbilie chumbani. Kaeni, msalimieni, mwulizeni amekula nini. Aliyekimbia mara tatu amepoteza vitu vingi; akisikia mjukuu anamwita kwa Kiswahili anajua kwamba hajapoteza vyote.

Na kwa familia ambazo simu imenyamaza tangu Januari, na najua mpo katika ukumbi huu: Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita. Msione haya. Anayehitaji kuandikiwa barua au kusindikizwa aje kwangu baada ya chakula, twende pamoja.

Wazee wetu mwaka 1960 walidai nchi moja, siyo orodha ya makabila. Kapu litakapopita siku ya sikukuu, kila mmoja atie alichonacho, na asiulize kitaliwa na nani. Tutakuwa tumeadhimisha Uhuru kwa namna tunayoweza tukiwa huku mbali.

Mungu awalinde walioko njiani.