Siku Niliyoivua Kanzu

(Maneno ya msomaji wa kanisa aliyoyasema mbele ya Wakristo wa Kisumu)



Nimeombwa niwaeleze jinsi mtu asiye kasisi awezavyo kumtumikia Mungu kati ya madhehebu mengi. Jambo hili nalijua nyumbani mwangu. Marehemu baba yangu alikuwa Msabato wa upande wa Kendu, mke wangu ni Mkatoliki, nami ni msomaji katika Kanisa la Anglikana.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na wamishenari wakaifuata. Waquaker walikwenda Kaimosi mwaka 1902, na mapadre wa Mill Hill wakaingia Kisumu mwaka uliofuata. Mwaka 1906 Carscallen wa Wasabato alipiga kambi Gendia, na Willis wa Waanglikana akaanzisha Maseno. Basi dini ya mtu ikategemea sana ng'ambo aliyozaliwa.

Wako waliokataa kuchaguliwa njia. Johana Owalo wa Asembo alipita kwa Wakatoliki, kwa Waanglikana na hata kwa Waislamu. Mwaka 1907 alipata maono, na baadaye akaanzisha kanisa lake la Nomiya, maana yake "nilipewa". Watu walimcheka. Mimi simcheki, kwa kuwa najua ni kazi gani kubisha milango mingi.

Willis naye, alipokuwa Askofu wa Uganda, alikutana na Askofu Peel wa Mombasa na wamishenari wengine huko Kikuyu mwaka 1913, wakatafuta umoja wa misheni. Mwisho wa mkutano, watu wa madhehebu mbalimbali walishiriki meza moja ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Weston wa Zanzibar aliwashitaki maaskofu hao wawili kwa uzushi, hata shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Weston alikuwa mtu mwenye moyo mkuu. Lakini katika hili mimi nasimama na wale waliokula pamoja.

Sasa nije kwangu. Baba alifariki mwaka 1987, siku ya Jumatano. Wajaluo wengi huzika Jumamosi, lakini Wasabato hawachimbi kaburi siku ya Sabato. Ikaamuliwa azikwe Jumapili. Jumapili hiyo kasisi wetu alikuwa katika kanisa jingine, na zamu ya kuongoza ibada ilikuwa yangu. Nikamwachia mama mmoja mzee kitabu cha sala, nikaenda. Baadhi ya watu walininung'unikia muda mrefu, wala sikuwajibu.

Nilifika nimevaa kanzu yangu ya kusomea, nikitaka kumwombea baba. Wazee wa kanisa lake wakaniita kando, wakasema kwa upole kwamba mtu wa Jumapili hawezi kuongoza sala hapo. Nilikasirika, nakiri. Mimi ni mwanawe wa kwanza! Mke wangu, rozari mkononi, akaninong'oneza, "Baba Otieno, umekuja kuzika au kuvaa?"

Nikaivua kanzu, nikaikunja, nikampa aishike. Mzee mmoja akanitazama, kisha akanipa Biblia ya Kijaluo, ile ile iliyotimia mwaka 1953 ambayo baba alikuwa akitusomea jioni. Akasema, "Sala ni yetu, lakini Zaburi na isomwe na mwana." Nikasoma nikiwa na shati tu, kisha nikashika sepetu pamoja na ndugu zangu.