Pumziko la Nyumba Nzima



Injili ya Dominika ya 16 ya Mwaka B yasimulia jinsi mitume walivyorudi kwa Yesu kutoka utumeni. Umati ulikuwa umewasonga kiasi kwamba hata chakula hawakukigusa. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwachukua hadi mahali pa faragha ili wapumzike. Wala hakungoja kwanza kazi iishe, maana kazi ile haikuwa na mwisho.

Sisi tumelelewa kuheshimu bidii. Wahenga walisema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, nao walisema kweli. Hapa kwetu Chitete, wilayani Momba, mvua ikishaanza, anayechelewa shambani hana wa kumlaumu. Hata hivyo, mkulima anayelima kwa maksai ajua jambo jingine. Jua linapokuwa kali huwafungua nira, akawapeleka kivulini na majini, ingawa shamba halijaisha. Ajua kwamba ng'ombe aliyechoka akizidi kupigwa ataanguka. Je, yule mama aliyeleta uji shambani, naye anayo saa yake ya kufunguliwa nira?

Mwili haudanganywi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule afanyaye kazi saa 35 hadi 40. Jirani zetu wa Tunduma, mpakani na Zambia, huwaona madereva wa malori waliokesha foleni wakilinda mizigo. Dereva wa namna hiyo hakuendesha usiku, lakini pia hakupumzika. Kesho yake usingizi humdai deni akiwa ameshika usukani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi wa nchi yetu walau saa 24 za mapumziko kila juma. Lakini ni nani atakayekagua jikoni mwetu?

Ndugu zangu, tusome tena amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano. Yawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni. Kisha yatoa sababu: Waisraeli walikuwa watumwa katika Misri, na mtumwa hana siku iliyo yake. Mke hatajwi katika orodha hiyo. Je, yeye abaki na masufuria? Hasha! Amri yasema na mwenye nyumba, naye mke ni mwenye nyumba. Yumo ndani ya neno "wewe".

Basi tujichunguze. Baba akitoka kanisani huketi chini ya mti. Mama hushika ndoo, kuni, chungu na sare za watoto zinazongoja kufuliwa. Msichana wa kazi huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, Dominika kama Jumatatu. Dominika ya namna hiyo ni ya mtu mmoja, nayo imebebwa mgongoni mwa wengine.

Tuanze na machache. Kuni zipasuliwe na nguo zifuliwe Jumamosi. Dominika baba na vijana wachote maji, na chakula kiwe chepesi. Msichana wa kazi apewe siku yake kamili. Nanyi makatekista, msiwapangie akina mama wale wale usafi, mapishi na mikutano yote ya Dominika. Anayemhudumia mgonjwa au kunyonyesha hawezi kuacha. Huyo atafutiwe wa kumpokea.

Mungu alipumzika siku ya saba, wala mbingu hazikuanguka. Tunapotua mzigo, na kumsaidia mwenzetu kuutua wake, tunakiri kwamba ulimwengu umo mikononi mwa Mungu.

Nawatakieni nyote Dominika njema, na nyumba iliyopumzika.